Samaki akishuka mto, kwenye bwawa la umeme anapitia wapi?

#1 Kisinja_wa_Naile
Wakuu, salaam. Kila mradi wa umeme wa maji unapojadiliwa hapa Uganda, swali la samaki ni lile lile: atapandaje? Watu wanachora ngazi ya samaki, wanahesabu vidimbwi vyake, basi, faili linafungwa. Lakini ningu na kisinja hawapandi mto ili wahamie huko. Mvua zikianza wanaondoka ziwani, wanataga kwenye changarawe au kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, kisha wazazi wanarudi, na baada yao vifaranga wanashuka. Wanaopanda ni wachache, wanaoshuka ni maelfu kwa maelfu, na hao wanaoshuka wanafuata maji mengi. Kwenye bwawa la umeme, maji mengi yanaelekea turbini, ile mashine inayozungushwa na maji kuzalisha umeme.

Dai langu: kwa mito yetu, njia ya kushukia inafaa itangulie ngazi ya kupandia, na muuaji mkuu ni mapanga ya turbini. Mwenye hoja tofauti alete. Naomba vipimo, tusibishane kwa hisia.

#2 FundiMapanga
Mleta uzi, nusu ya dai nakubali. Tuanze na hesabu, maana mapanga yana hesabu yake.

Chukua turbini ya aina ya Kaplan, inayofanana na rafadha ya meli, yenye mapanga 5, inazunguka mara 100 kwa dakika. Ukisimama sehemu moja, panga linakupita mara 500 kwa dakika, yaani 8.3 kwa sekunde. Maji yakishuka kwa mita 6 kwa sekunde, kati ya panga na panga kuna kipande cha maji chenye urefu wa sentimita 72. Kifaranga wa sentimita 8 aliyelala sambamba na mkondo ana uwezekano wa kama asilimia 11 wa kuguswa. Kisinja wa sentimita 60, asilimia 83. Turbini ni ile ile, maji ni yale yale, hatari inatofautiana mara saba na ushee.

Halafu kuguswa si kufa. Ncha ya mbele ya panga ikiwa nene na ya mviringo, maji yanayogawanyika mbele yake yanamsukuma samaki mdogo pembeni. Ikiwa nyembamba kama kisu, inamkata. Ndiyo maana turbini mpya zinazojengwa kwa kujali samaki zina mapanga machache, manene mbele, na mwanya mdogo kati ya panga na kitovu. Ule mwanya wa kitovuni na wa pembezoni unasaga samaki, watu wanausahau.

Kwa hiyo kwenye Kaplan kubwa, mapanga ni adui wa mzazi kuliko wa kifaranga. Aina ya Francis ni mbaya zaidi: mapanga mengi, njia nyembamba. Aina ya Pelton usiulize, hapiti samaki akatoka hai.

#3 Mto_Achwa
Mkuu Fundi, basi Karuma si mbaya sana, si Kaplan ile?

#4 FundiMapanga
@Mto_Achwa hapana. Karuma ni Francis za wima, 6 za megawati 100 kila moja, jumba la mitambo liko chini ya ardhi, na kimo cha maji, yaani urefu ambao maji yanashuka, ni kama mita 70. Kaplan ni za Bujagali, 5 za megawati 50, na Isimba, 4, jumla megawati 183. Nalubaale nayo ni Kaplan, 10. Ukisikia kimo kikubwa, fikiria Francis au Pelton. Kimo kidogo na maji mengi, Kaplan.

#5 MamaNgege
Habari zenu. Fundi amehesabu vizuri ila amemwacha muuaji asiyeonekana: shinikizo.

Samaki ana kibofu cha hewa. Jinja iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yenyewe inakandamiza kwa kilopaskali 88 hivi, wala si 101 kama pwani. Samaki aliyezoea kuogelea kina cha mita 8 anaishi kwenye shinikizo la 88 kujumlisha 78, yaani kama 166. Akipita chini ya panga, shinikizo linaweza kuporomoka kwa chini ya sekunde moja. Tuseme limefika 50. Hewa ya kibofu inataka kutanuka mara 3.3. Kibofu kinapasuka, macho yanatoka, mapovu yanajaa kwenye damu na kwenye mapezi. Mwilini huoni alama hata moja ya panga. Anaibuka akielea, kipungu au korongo anammalizia, na hesabu inasema "aliliwa na ndege".

Sasa sikilizeni tofauti. Ningu, kisinja na kambare wana mrija kutoka kibofuni hadi kooni, wanaweza kucheua hewa. Hawacheui upesi kiasi cha kuokoka kila mara, ila wana mlango. Sangara na ngege kibofu chao kimefungwa, hewa inaingia na kutoka kupitia damu, kazi ya saa nyingi. Hao turbini inawapasua. Ukiniuliza muuaji ni nani, nitakuuliza kwanza: wa samaki gani?

#6 FundiMapanga
@MamaNgege umesema kweli, naongeza la kiufundi. Shinikizo la chini kabisa linategemea mambo mawili ambayo mwendeshaji anaweza kuyagusa. La kwanza ni turbini imewekwa chini kiasi gani ukilinganisha na maji ya mfereji wa kutokea. Hilo limeshajengwa, ila kila maji ya chini yakipanda, shinikizo chini ya panga nalo linapanda. La pili ni mzigo. Turbini iendeshwe karibu na kiwango chake cha ufanisi wa juu. Kwenye mabwawa ya mto Columbia kule Marekani, msimu wa samaki kushuka wanajibana ndani ya asilimia 1 ya kilele cha ufanisi. Ukiendesha mitambo 4 yote kwa mzigo mdogo mdogo, unapata misukosuko na mapovu ya mvuke kwenye kila mmoja. Bora 2 kwenye mzigo wake sahihi na 2 zimelala. Hii haigharimu shilingi, ni ratiba tu.

#7 Mvuvi_Kyoga
Naona mnapigania turbini kana kwamba ningu alikuwa mzima hadi Kaplan ilipofika. Ningu aliisha kwa nyavu za makila zilizotegwa midomoni mwa mito, akipanda na mayai tumboni. Ilianza zamani, na kwenye mito mingi isiyo na hata kibwawa cha kusagia mahindi. Mto Sio, mto Nzoia, yote hadithi moja. Leo ningu yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Weka chujio la nondo za dhahabu bwawani, wavu ukibaki mdomoni mwa mto hakuna wa kushuka.

#8 Kisinja_wa_Naile
@Mvuvi_Kyoga mzee wangu, wavu sikatai. Lakini waliobaki wachache ndio wa kulindwa zaidi. Samaki wakiwa milioni, turbini ikiua mmoja katika kumi mto unavumilia. Wakiwa mia tatu, haivumiliki.

#9 Bukoba_Kagera
Na mnazungumzia Naile tu. Ningu wa Kagera yupo bado, na Rusumo sasa kuna mtambo wa megawati 80 wa nchi tatu. Kagera inapita mpakani kwenu ikiingia Ziwa Viktoria, jambo hili si la Jinja peke yake.

#10 Mkunga_wa_Tana
Salamu kutoka Kenya. Kwetu tatizo la kushuka ni la mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Anakua mtoni miaka mingi, halafu anashuka hadi Bahari ya Hindi kutaga, na urefu wake unamfanya aguswe na kila panga, kama hesabu ya #2 inavyoonyesha. Nyie mkunga wenu wa Naile anashukaje?

#11 MamaNgege
@Mkunga_wa_Tana hatuna wa aina hiyo. Mikunga wanaohamia baharini wako mito inayomwaga Bahari ya Hindi: Tana, Sabaki, Pangani, Rufiji. Huku juu ya maporomoko ya Kabalega (Murchison), anayeitwa mkunga ni yule mwenye safu ya miiba mgongoni, wa ukoo mwingine kabisa, hana safari ya baharini. Maporomoko hayo ndiyo yaliyomzuia sangara asipande kutoka Ziwa Albert hadi alipobebwa na watu miaka ya 1950.

Kwa hiyo vifaa vya Ulaya vilivyobuniwa kwa mkunga, kama mabomba ya chini kabisa ya mto, tusivinakili kichwakichwa. Kisinja anaogelea katikati na juu. Semutundu na gogogo wanapita chini. Ningu akiwa mdogo anakaa kando kando.

#12 Nondo_12mm
Wadau, mmemaliza kuwahesabu wauaji. Kazi ni kumzuia samaki asifike kwao. Nitaeleza kwa mtambo mdogo wa mita za ujazo 4 kwa sekunde, maana ndiyo saizi ya mito mingi ya magharibi.

Chujio la nondo lisikae wima likiukabili mkondo uso kwa uso. Samaki akilifika hana pa kwenda: ama anapenya, ama anabanwa na maji hadi anakufa. Lilaze kwa mshazari kuvuka mfereji, liwe na nyuzi 27 hivi na mwelekeo wa maji. Hapo kasi ya maji inagawanyika mara mbili: ile inayomsukuma samaki kwenye nondo, na ile inayomtelezesha pembeni kando ya nondo. Kwenye nyuzi 27 ya kumtelezesha ni mara mbili ya ile ya kumsukuma. Anateleza hadi mwisho wa chujio, na pale mwisho ndipo unaweka mlango wa njia ya kando.

Vipimo. Kasi ya kusukuma isizidi mita 0.5 kwa sekunde, mimi naweka 0.4 kwa ajili ya wadogo. Mita za ujazo 4 ugawe kwa 0.4, unapata mita za mraba 10 za chujio. Kina cha maji kikiwa mita 1.5, urefu wa chujio ni mita 6.7. Kwa mshazari wa nyuzi 27, mfereji unakuwa na upana wa mita 3. Maji yanakuja kwa mita 0.88 kwa sekunde, yanasukuma kwa 0.4, yanatelezesha kwa 0.78. Hesabu imefunga.

Nafasi kati ya nondo: milimita 12. Samaki wengi unene wao ni kama sehemu moja ya kumi ya urefu, kwa hiyo nondo za kusimama za milimita 12 zinazuia kuanzia sentimita 12 hivi. Ukizilaza nondo ziwe mlalo, unazuia kwa kimo cha mwili badala ya unene. Ngege na kisinja ni warefu kwa kimo kuliko unene, kwa nafasi ile ile unazuia hata wa sentimita 6 hivi. Inatofautiana kwa aina, pimeni samaki wenu kwa rula kabla ya kuagiza chuma.

Njia ya kando: asilimia 5 ya maji, yaani 0.2. Mlango wa nusu mita kwa nusu mita unakupa kasi ya 0.8, sawasawa na ile ya kuteleza. Hapa ndipo watu wanakosea mno. Maji yakipungua kasi mlangoni, samaki anasita. Yakiongezeka ghafla, anageuka na kuogelea kurudi. Yaongezeke taratibu. Mlango uwe wazi kutoka juu hadi chini ikiwezekana, uwe na mwanga, pasiwe na giza la ghafla. Bomba liwe laini ndani, kona zake ziwe pana, nusu kipenyo cha kona kisipungue mara 5 ya kipenyo cha bomba. Mwishoni samaki asianguke kwa zaidi ya mita 7.6 kwa sekunde akigusa maji, ambayo ni anguko la karibu mita 2.9, na chini pawe na kidimbwi chenye kina cha mita 1 au zaidi, hakuna jiwe.

#13 Rwenzori_Maji
@Nondo_12mm karatasini safi sana, mlimani njoo tuongee. Mito ya Kasese ikifurika inaleta magogo, majani ya migomba, mchanga, na mawe ya ukubwa wa pikipiki. Nondo za milimita 12 zinazibwa kwa nusu saa. Zikizibwa, maji yote yanapita kwenye kipande kidogo kilichobaki wazi, na ile kasi ya 0.4 inakuwa 1.5. Chujio la kumwokoa samaki linageuka mtego wa kumkandamiza. Mwendeshaji wa zamu ya usiku anaona megawati zinashuka, anang'oa paneli mbili za nondo ili maji yapite, na hazirudi tena hadi mkaguzi afike. Hilo ndilo linaloua: chujio ambalo haliwezi kusafishwa.

#14 Nondo_12mm
@Rwenzori_Maji hoja nzito, na nakubali sehemu kubwa. Ila tusiilaumu nafasi ya nondo. Kwa kanuni ya Kirschmer, nondo bapa za unene wa milimita 8 kwenye nafasi ya 12, kwa kasi ya 0.4, zinakula kama sentimita 1.2 tu ya kimo zikiwa safi. Zidisha mara tano kwa sababu ya mshazari, bado ni sentimita 6. Ukizungusha ncha ya mbele ya nondo inapungua zaidi. Taka ndizo zinazokula nusu mita.

Tiba: reki ya mashine inayoanza yenyewe tofauti ya maji mbele na nyuma ya chujio ikifika sentimita 5 hadi 10, isisubiri zamu. Nondo zikiwa mlalo, reki inatembea kwa ubavu na kuzisukuma taka kuelekea njia ya kando, lango linafunguliwa zaidi kwa dakika chache, taka zinaondoka na maji. Mbele ya chujio weka kizingiti cha sentimita 30 ili mchanga wa chini usipande, na pembeni yake lango la kusafishia mchanga. Mafuriko makubwa yakija, funga kabisa uingizaji, acha mto upite. Maji ya tope la namna hiyo yanakula turbini yenyewe, hupotezi chochote.

#15 Rwenzori_Maji
Kufunga kwenye mafuriko nakubali, na mara nyingi ndiyo saa samaki wanatembea. Ila kwa mito midogo ya mlima mwinuko mkali naona chujio la Coanda linafaa kuliko nondo zako. Maji yanapanda juu ya kizingiti kilichopinda, yanateleza juu ya nyaya zilizopangwa kwa nafasi ya milimita 1 au 2, maji yanadondokea ndani, na samaki, majani na kokoto vinateleza hadi mtoni chini. Halina reki, linajisafisha. Masharti: liachwe maji ya kutosha yanayovuka hadi mwisho, la sivyo kifaranga anakwama juu ya nyaya akikauka juani. Na pale anapodondokea pawe na maji, pasiwe na zege kavu. Hasara yake ni kimo, unapoteza kama mita 1 au zaidi. Mwenye kimo cha mita 150 hajali. Mwenye mita 8 atalia.

#16 Kisinja_wa_Naile
Asanteni, hapa nimejifunza. Swali kwa Nondo: asilimia 5 ya maji ni pesa. Mwenye mtambo atakubali?

#17 Nondo_12mm
Kwa kimo cha mita 60, lita 200 kwa sekunde ni karibu kilowati 100 kati ya megawati 2. Si kidogo. Ila tayari kibali cha kuchukua maji kinamtaka aache kiasi fulani mtoni, ili kipande kati ya bwawa na jumba la mitambo kisikauke. Miradi mingi inayaacha maji hayo kupitia bomba la chini ya bwawa, ambalo samaki hapiti au akipita anaumia. Yapitishe hayo hayo kwenye njia ya kando. Hulipi maji mapya, unahamisha mlango tu. Huu ndio ushauri ninaoutoa kwanza kwa kila anayeanza kuchora.

#18 Mto_Achwa
Na huku Naile kubwa? Karuma utaweka nondo za milimita 12?

#19 Nondo_12mm
Hapana, ssebo. Megawati 600 kwa kimo cha mita 70 zinataka karibu mita za ujazo 970 kwa sekunde. Kwa kasi ya 0.5 unahitaji karibu mita za mraba 2,000 za nondo nyembamba, na gugu maji linashuka kutoka Kyoga kila siku. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kilifika Nalubaale na nchi nzima ikaingia gizani. Kwa mito mikubwa hata Marekani hawazuii kwa nondo nyembamba tu, wanamwongoza samaki kwa njia ya juu: malango ya kumwagia maji yanayomwaga kutoka usoni, si kutoka chini. Lower Granite kule kwenye mto Snake waliweka la namna hiyo mwaka 2001. Samaki anayeshuka karibu na uso hapendi kuzama mita 15 kulitafuta lango. Ukimpa mlango wa juu, anapita kwa maji machache.

#20 Hesabu_za_Umeme
Hapo sasa mmefika kwangu. Uganda tangu Karuma izinduliwe 2024 ina uwezo wa zaidi ya megawati 2,000, na mahitaji ya kilele bado ni chini ya hapo sana. Maana yake kuna saa nyingi ambapo mitambo imelala na maji yanaweza kumwagwa juu bila taa kuzimika kwa mtu. Ratiba ya kumwaga ni kifaa cha samaki cha bei rahisi kuliko chuma chochote.

Tatizo ni saa. Samaki wengi wanashuka usiku, kuanzia jua linapozama. Na kilele chetu cha umeme ni jioni, kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku. Vinagongana. Pendekezo: baada ya saa 5 usiku hadi alfajiri, siku ambazo mto umepanda baada ya mvua ya kwanza kubwa, zima mitambo iliyo karibu na ukingo ambako samaki wanapita, fungua lango la juu lililo jirani. Si msimu wote, ni usiku 15 au 20 zilizochaguliwa kwa kuangalia kipimo cha mto.

#21 MamaNgege
Nimeipenda, ila kumwaga nako kuna madhara yake. Maji yakianguka kwenye dimbwi refu yanazama na hewa, shinikizo la chini linaiyeyusha, maji yanatoka na gesi kupita kiasi. Ikipita asilimia 110 samaki wanaanza kuota mapovu kwenye mapezi na mashavu. Kwenye Columbia waliweka vizingiti vidogo chini ya mteremko ili maji yateleze juu juu yasizame. Atakayefungua malango aweke na kipimo cha gesi mita mia chache chini yake.

#22 Mvuvi_Kyoga
Nyote mnasahau jambo moja. Kifaranga wa siku tatu haogelei, anabebwa. Mto ukiwa na kasi ya mita 0.8 kwa sekunde, kilomita 10 ni saa 3 na nusu. Ukiujaza ziwa la bwawa lenye kasi ya 0.05, kilomita hizo hizo ni siku mbili na zaidi. Anazama kwenye matope, analiwa na sangara na ngege waliojaa humo. Hafiki hata kwenye nondo zako. Mimi naona ziwa la bwawa ndilo muuaji, turbini ni msindikizaji.

#23 MamaNgege
Mzee, hii ndiyo hoja iliyowatesa watu wa Brazili. Walijenga ngazi nzuri, samaki wakapanda, wakataga juu, halafu mayai na vifaranga vikaishia kwenye maji yaliyosimama. Wataalamu wao waliandika kwamba ngazi ya namna hiyo ni mtego: mlango wa kuingilia bila wa kutokea. Ila kwetu mabwawa ya Naile yanafuatana karibu karibu na hayahifadhi maji mengi, hivyo nguvu ya hoja inatofautiana bwawa kwa bwawa. Na kisinja akitaga kwenye changarawe, mayai yake hayaelei kama ya samaki wa Brazili. Siku anazobebwa ni chache.

#24 Mvuvi_Kyoga
Chache zinatosha kumaliza.

#25 Zamu_ya_Usiku
Naongeza kitu ambacho hakiko kwenye michoro. Samaki wengi wanaokufa kwenye mtambo hawakushuka kabisa, walipanda kutoka chini. Turbini ikisimama, bomba la kutolea maji chini yake linabaki tulivu, lina kivuli na oksijeni. Kisinja, semutundu na sangara waliojaa kwenye mfereji wa kutokea wanaingia humo. Turbini ikiwashwa, unajua kilichobaki.

Utaratibu unaofaa: mtambo ukisimama kwa matengenezo, milango ya kuzibia ya upande wa chini iteremshwe mara moja, isisubiri kesho, maana kila saa wanaongezeka. Kabla ya kukausha bomba, pampu ipunguze maji polepole hadi kina cha magoti, pasikauke. Peleka hewa kwa kompresa yenye mawe ya mapovu, kwa sababu wakibanana oksijeni inaisha kwa dakika, si saa. Waingie watu wawili wawili wenye nyavu zisizo na mafundo, ndoo zenye vifuniko, winchi juu. Kwanza wakubwa, maana wanawaponda wadogo. Warudishwe mtoni chini ya mkondo wa kutokea, wasimwagwe kutoka juu ya daraja. Na kuwasha upya kuwe taratibu: fungua kidogo, subiri dakika kadhaa, wapate nafasi ya kutoka kabla mzunguko haujafika kasi kamili.

#26 FundiMapanga
@Zamu_ya_Usiku umegusa penyewe. Kuna mitambo watu wanakuta minofu kwenye mfereji wa kutokea wanadhani ni walioshuka, kumbe ni hawa. Takwimu zinachafuka.

#27 Mpima_Mto
Ndiyo maana nashangaa mko #26 hakuna aliyetaja kupima. Kila mmoja ana muuaji wake na hakuna maiti zilizohesabiwa kwa haki.

Njia rahisi isiyohitaji vifaa vya ng'ambo: tia alama samaki 200, waachie mbele ya lango la turbini. Siku hiyo hiyo tia alama nyingine samaki 200 wa saizi ile ile, waachie chini, kwenye mfereji wa kutokea. Nyavu za kunasia ziwe chini zaidi. Ukiwapata tena 120 wa kundi la kwanza na 160 wa pili, walionusurika ni 120 kwa 160, asilimia 75, kwa kuwa kundi la pili linabeba makosa ya wavu na ya mikono yako. Bila kundi la pili namba yako ni bure. Na wahifadhi waliopatikana kwenye matangi saa 48, maana baadhi ya walioumizwa na shinikizo hawafi papo hapo. Tumia ngege kutoka mabwawa ya kufugia ujue ya shinikizo, lakini usimwulize ngege habari za kisinja, #5 ameshaeleza kwa nini.

Kwa vifaranga wanaobebwa: wavu wa mdomo wa nusu mita, matundu ya milimita 0.5, uwekwe mtoni dakika 15, na kipima mkondo mdomoni ujue maji kiasi gani yamepita. Weka juu ya ziwa la bwawa, mkiani mwa ziwa, na chini ya mtambo, usiku ule ule. Wakipotea kabla ya kufika mkiani, Mvuvi ameshinda. Wakifika wazima na kutoka wamekufa, Mama na Fundi wagawane.

#28 Mvuvi_Kyoga
Nakubali kupimwa hivyo. Ila wavu mmoja uwe chini ya kina, mwingine juu. Wa ningu hawakai sehemu moja.

#29 Bukoba_Kagera
Swali dogo: kabla ya yote haya, si uangalie kama mto una samaki wa kuhama? Kwenye mto Mpanga, unaoingia Ziwa George, mtambo umeketi kwenye maporomoko. Samaki wa Ziwa George hajawahi kupanda pale tangu dunia iumbwe.

#30 Rwenzori_Maji
@Bukoba_Kagera sahihi kwa wahamaji kutoka ziwani. Lakini juu ya maporomoko kuna samaki wakazi, nao wanatembea kupanda na kushuka ndani ya mto wao. Akisombwa na lango hana njia ya kurudi. Kwa hao njia ya kando si kuhama, ni kutopotea.

#31 Nondo_12mm
Naunga mkono ya #29 na #30 kwa pamoja. Pale penye maporomoko ya asili ngazi haina kazi, chujio lina kazi.

@Mpima_Mto, ule wavu wa milimita 0.5 kwenye mto wenye tope la Kasese utaziba kabla ya dakika 15. Unapunguza muda au unaongeza urefu wa wavu?

#32 Mpima_Mto
Vyote viwili. Dakika 5, wavu wa mita 2, na unachukua sampuli tatu mfululizo badala ya moja. Kwenye Naile dakika 15 zinatosha. Anayejua ni wiki gani hasa ningu wadogo wanaanza kushuka Kagera baada ya mvua za Machi aandike hapa, ratiba ya nyavu inamsubiri.